Asilimia ya Mchanga

Ijumaa, saa tisa na nusu, Wete.
Nimefunga dirisha, kelele za mashine ya marobota zibaki uani,
nimeweka sawa ushungi, nimewasha kamera.
Bwana Henrik hunisalimu kwa jina la baba:
"Bi Shaame, habari za huko?"
Kisha anainua kifuko cha plastiki, anakitikisa mbele ya kioo.
Ndani mna kitu cheupe, kama chumvi ya kaya tatu.
Nimekijua kabla hajakitaja.
Mchanga.

Kontena la mwezi wa sita, tani ishirini na mbili,
mwani mwembamba, umekaushwa, umeshindiliwa,
umepimwa unyevu, umegongwa muhuri, umesomewa dua,
na maabara yao imekuta mchanga asilimia nne na nusu.
Mkataba unasema mbili.
Atakata. Anasema kwa upole wa daktari wa meno:
atakata bei, na nauli ya kuubeba huo mchanga
iwe juu yangu.

Nauli ya mchanga!
Napiga hesabu pembeni mwa daftari.
Kilo mia tisa na tisini.
Karibu tani nzima ya pwani ya Kiuyu
imepanda meli, imepita Bahari ya Shamu,
ina cheti cha afya ya mimea,
na hakuna ofisa hata mmoja aliyeiuliza: wewe, wendapi?

Kujitetea ndiyo kazi yangu.
Nimewauzia mwani watu wasiowahi kulowa magoti,
nikawaeleza kwa nini dawa yao ya meno haimwagiki.
Nimejifunza kusema "tunasikitika" kwa lugha nne
bila kusikitika hata kwa moja.
Leo ulimi umenata.

Kwa sababu marobota yana namba, na namba naziandika mimi.
Mia na kumi na saba mpaka mia na arobaini: Kiuyu,
kikundi cha Bi Mchanga Faki.
Ndiyo, Mchanga. Bibi yake alimwita hivyo akingali kichanga,
na jina likakataa kukua.

Mwezi wa pili alikuja hapa, viatu mkononi,
akakaa ukingoni mwa kiti kama anayekipima.
"Mwanangu, tununulie nyavu za vichanja.
Tunaanika chini, na mchanga haubishi hodi.
Najisema mwenyewe."
Nikamwambia bajeti. Nikamwambia robo ya tatu.
"Robo ya nini?"
Nikacheka. Naye akacheka, kunisitiri.

Mstari ule niliufuta kwa mkono wangu:
nyavu roli kumi na nne, boriti, misumari.
Fedha nikazihamishia maonyesho ya biashara, Hamburg.
Nikarudi na kalamu arobaini zenye nembo yetu
na kadi ya Bwana Henrik.

"Bi Shaame, unanisikia?"
Nakusikia.
"Huo mchanga hasa unatoka wapi?"

Uani mashine imenyamaza, vijana wanatia udhu.
Naweza kusema upepo. Upepo haujibu barua.
Naweza kusema wakulima, naye ataandika: wakulima,
na msimu ujao kilo ya Kiuyu itashuka
kutoka mia nane hadi mia saba,
na mtu atanisifu kikaoni kwa kubana gharama.

"Unatoka ofisini," nasema.
Anadhani mtandao umekatika.
"Unatoka kwenye meza hii. Niliambiwa mapema, nikafuta.
Kata, lakini iandike kwenye jina langu,
na barua mpelekee mkurugenzi, nakala kwangu."

Kimya. Anakohoa. Hajazoea meneja mauzo
anayeuza upande huu.
Anakigeuza kifuko, hajui akiweke wapi.
"Na huu je, niutupe?"

Hapana, Bwana Henrik. Urudishe kwa posta.
Nauli juu yangu.
Una mwenyewe.